Guqin, guzheng na ndugu zao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikiiona ala ndefu ya Kichina imelazwa mezani, nianze kutazama nini?

Tazama chini ya nyuzi. Kama kila uzi umeinuliwa na kidaraja chake chenye miguu miwili, kilichosimama katikati ya ubao bila gundi wala msumari, hiyo ni guzheng au ndugu yake wa karibu. Kama ubao ni mtupu na nyuzi zinapita juu yake kutoka mwisho mmoja hadi wa pili bila kushikwa na kitu chochote katikati, hiyo ni guqin. Alama nyingine zote tutakazozitaja huku chini zinasaidia, lakini zina mitego. Hii ya vidaraja ndiyo inayokata shauri kati ya hizi mbili.

Sababu yake iko katika namna zinavyopigwa. Mpigaji wa guqin huteleza kidole cha mkono wa kushoto juu ya uzi, akiubana ubaoni ili apate noti mbalimbali katika uzi uleule. Kidaraja kingemzuia njia. Kwenye guzheng kila uzi una noti yake, na kidaraja ndicho kinachoamua urefu wa sehemu inayolia.

Majina yenyewe yanatamkwaje, na kwa nini yanafanana hivyo?

Guqin ni kama "gu-chin", guzheng ni kama "gu-jeng". "Gu" maana yake ni "ya kale", kwa hiyo majina ya asili ni *qin* na *zheng* tu. Kiambishi hicho kiliongezwa kwenye qin katika karne ya 20, kwa kuwa neno qin lilikuwa limeshagawiwa ala chungu nzima: piano ni gangqin, fidla ni xiaotiqin, gambusi la duara ni yueqin, ala ya kugongwa kwa vijiti ni yangqin. Ilibidi ile yenye jina lake ipewe alama ya kuitofautisha.

Ndiyo maana jina la duka au tafsiri ya mashine haiaminiki. Ukisoma "qin ya Kichina" hujaambiwa kitu. Na kuna kitanzi kingine: zheng huitwa pia *Qin zheng*, lakini Qin hiyo ni dola ya kale ya magharibi mwa China, haihusiani na ala ya qin. Huandikwa kwa herufi tofauti kabisa ya Kichina, ila kwa herufi za Kilatini zinafanana.

Si rahisi zaidi kuhesabu nyuzi?

Ni rahisi, ila inadanganya. Guqin ina nyuzi 7, na hilo halibadiliki ukiacha vighairi vichache vya majumba ya makumbusho. Ukihesabu 7 na ubao uko mtupu, umemaliza. Guzheng ya leo ina 21, lakini hiyo ni sura ya karne ya 20. Enzi ya Tang ilikuwa na 13, baadaye 16, na zote mbili bado hupatikana. Siku hizi pia kuna guzheng ndogo za kubebeka zenye nyuzi pungufu. Mtu aliyekariri "guzheng ni 21" akikutana na yenye 16 hudhani ameona ala mpya.

Urefu nao una tatizo hilohilo. Guqin hukaribia sentimita 120 hadi 125, na guzheng kamili ni kama 163. Lakini guzheng ndogo ya sentimita 125 ipo sokoni, na kwenye picha huwezi kuitofautisha na guqin kwa urefu. Upana ndio unaosema zaidi: guqin haizidi sana sentimita 20, unaweza kuikumbatia kwa mkono mmoja. Guzheng kamili ni pana zaidi ya sentimita 30 na huhitaji mabega mawili kuihamisha.

Nina picha tu, tena imepigwa kwa upande. Vidaraja havionekani. Nifanyeje?

Tafuta nukta nyeupe. Ubao wa guqin una nukta 13 za ganda la chaza, dhahabu au kitu kingine kinachong'aa, zimepangwa mstari mmoja kandokando ya uzi wa kwanza. Huitwa *hui*. Guzheng haina. Nukta hizo zinapaswa kuwa upande wa mbali na mpigaji, na kichwa cha ala kiwe mkono wake wa kulia. Kwenye mabango ya matangazo na hata filamu utaona mara nyingi guqin imegeuzwa, nukta ziko tumboni kwa mpigaji. Aliyepanga picha hiyo hajui ala.

Alama ya pili ni shada za nyuzi zinazoning'inia chini ya kichwa cha guqin. Hizo si pambo tupu: zinatoka kwenye vigingi vya kukazia, vilivyo upande wa chini. Ndiyo maana meza ya guqin huachia kichwa kitokeze nje upande wa kulia. Guzheng hukazwa kwa ufunguo, na pini zake zimefichwa ndani ya kisanduku chenye kifuniko upande wa kulia. Upande wa kushoto wa guzheng ya leo nyuzi hupita juu ya ukingo uliopinda kama herufi S, na huo huonekana hata kwa picha mbaya.

Mwisho tazama vidole. Kucha ngumu zilizofungwa kwa utepe wa gundi ni za guzheng. Guqin hupigwa kwa ukucha wa mtu mwenyewe.

Na kwa kusikiliza tu?

Guzheng inang'ara na kumwagika. Ukisikia nyuzi nyingi zikipitiwa kwa mpigo mmoja kama maji yanayoteremka mawe, au noti moja ikitetemeshwa kwa kasi kwa muda mrefu, ni guzheng. Guqin ni ya chini na ya faragha, imetengenezwa kwa chumba kimoja na wasikilizaji wachache. Utasikia mkwaruzo wa kidole kikiteleza juu ya uzi, noti ikipanda na kushuka hata baada ya mlio wenyewe kukaribia kuzima. Wasiozoea hudhani mkwaruzo huo ni kasoro ya kurekodi. Sivyo, ni sehemu ya muziki.

Mfano mzuri wa kujifunzia sikio ni *Liu Shui*, "Maji Yatiririkayo", kilichopigwa kwa guqin na Guan Pinghu. Kimo katika rekodi ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977, kwa dakika saba na nusu hivi. Tahadhari: kwenye intaneti vipande vya jina hilo hupigwa pia kwa guzheng, na ni muziki mwingine kabisa. Filamu nazo huonyesha mkono kwenye guqin huku masikioni ikilia guzheng, kwa sababu guzheng inasikika vizuri zaidi penye kelele za upanga.

Kama guqin haina vidaraja, mpigaji anajuaje pa kubana?

Kwa zile nukta 13. Hazikuwekwa kwa makadirio. Kila moja ni sehemu kamili ya urefu wa uzi. Nukta ya 7 iko katikati hasa. Ya 4 na ya 10 ziko kwenye robo na robo tatu, ya 5 na ya 9 kwenye theluthi na theluthi mbili, ya 3 na ya 11 kwenye moja ya tano na nne ya tano, ya 6 na ya 8 kwenye mbili ya tano na tatu ya tano. Ya 2 na ya 12 ni moja ya sita na tano ya sita, na za mwisho, ya 1 na ya 13, ni moja ya nane na saba ya nane. Hesabu huanzia kichwani, upande wa kulia.

Ukigusa uzi kidogo tu juu ya nukta bila kuubana, unapata mlio mwembamba kama kengele, *fanyin*. Ukiubana hadi ubaoni unapata *anyin*, na ukiuacha wazi ni *sanyin*. Sauti hizo tatu ndizo lugha nzima ya guqin.

Hapa pana kipimo cha mnunuzi kisichohitaji sikio. Chukua futi ya fundi cherehani, pima uzi kutoka ukingo wa kichwani hadi ukingo wa mkiani. Tuseme umepata sentimita 110. Nukta ya 7 lazima iwe kwenye 55, ya 4 kwenye 27.5, ya 10 kwenye 82.5. Zikikosea kwa sentimita nzima, hiyo ni pambo la ukutani. Fanyin hazitalia mahali pake, na hakuna fundi wa kurekebisha bila kung'oa nukta zote.

Nyuzi zinalinganishwa kwa noti zipi?

Guqin, kwa mpangilio wa kawaida, kuanzia uzi wa 1 ambao ni mnene na uko mbali na mpigaji: C, D, F, G, A, C, D. Uzi wa 1 ni C ya hezi 65.4, wa 7 ni D ya hezi 146.8. Wa 1 na wa 6 ni C mbili zilizoachana oktavu moja. Wa 2 na wa 7 ni D mbili vilevile. Kuhakikisha, gusa fanyin ya uzi wa 7 kwenye nukta ya 9 na ya uzi wa 5 kwenye nukta ya 10: lazima ziwe sauti moja. Nyuzi za hariri mara nyingi huachwa chini kidogo ya hapo, maana hukatika upesi.

Guzheng ya nyuzi 21 huhesabiwa kinyume: uzi wa 1 ni mwembamba, uko karibu na mpigaji. Mpangilio wa kawaida ni D, E, F♯, A, B ukirudiwa kwa oktavu nne, kutoka D ya hezi 73.4 (uzi wa 21) hadi D ya hezi 1,174.7 (uzi wa 1). Nyuzi za D ni 1, 6, 11, 16 na 21. Kwenye seti nyingi nyuzi za A, yaani 3, 8, 13 na 18, hutiwa rangi ya kijani ili jicho lisipotee.

Noti zinazokosekana hupatikana kwa kukandamiza uzi upande wa kushoto wa kidaraja. Uzi wa F♯ ukikandamizwa unatoa G, wa B unatoa C♯. Upande huo wa kushoto hauchezwi kwa kawaida. Kazi yake ni kukandamizwa na kutetemeshwa.

Kubadili ufunguo wa muziki ni kazi ya vidaraja. Kutoka D kwenda G, sogeza kulia vidaraja vya nyuzi za F♯ (4, 9, 14, 19) hadi zilie G. Kutoka D kwenda A, sogeza kushoto vidaraja vya D zote tano hadi zilie C♯. Kulia kunapandisha, kushoto kunashusha.

Nimepokea guzheng, vidaraja viko ndani ya mfuko. Naanzaje?

Vidaraja vina ukubwa tofauti. Kirefu na kipana zaidi ni cha uzi wa 21, kidogo kabisa ni cha uzi wa 1. Kwenye seti nyingi namba imeandikwa chini au ubavuni. Legeza uzi, uinue kwa kidole, ingiza kidaraja chini yake, hakikisha miguu yote miwili imekaa ubaoni. Vikishakaa vyote vinaunda mstari wa mshazari: vya nyuzi nyembamba karibu na mkono wa kulia, vya nene mbali kushoto.

Kisha kaza kwa ufunguo, nyuzi zote kwa zamu hadi chini kidogo ya noti zake, halafu rudia. Usimalize mmoja mmoja, kwa kuwa ubao unashuka kidogo kadiri mzigo unavyoongezeka, na wa kwanza utakuwa umeshapotea ukifika wa mwisho. Marekebisho madogo ya mwisho fanya kwa kusogeza kidaraja. Kikihitaji kwenda zaidi ya sentimita mbili, rudi kwenye ufunguo.

Nyuzi nyingi zinazokatika siku ya kwanza hukatwa na programu ya simu. Inaonyesha "D" bila kusema oktavu, mtu anaukaza uzi wa 11 kuelekea hezi 587 badala ya 293.7, na unamrukia usoni. Tumia programu inayoonyesha hezi. Na usilegeze nyuzi zote kwa pamoja bila sababu: vidaraja vitaanguka vyote, nawe utaanza upya.

Na guqin ninayotaka kuinunua, niikague vipi?

Mafundi wa Kichina wana kauli fupi: mbele kidole, nyuma karatasi. Maana yake, nafasi kati ya uzi na ubao karibu na kichwa iwe unene wa kidole, na mkiani iwe kama karatasi tu. Ikizidi hapo, vidole vitauma na kubana kutakuwa taabu. Ikipungua, uzi utagonga ubao na kutoa mlio wa mchanga. Bana kila uzi na uteleze kutoka nukta ya 4 hadi ya 13, polepole. Ukisikia mvumo wa nyuki mahali pamoja, ubao una kilima hapo. Kimoja kidogo fundi hukisawazisha; vingi ni dalili kwamba laka haikusubiriwa kukauka.

Laka nzuri ni utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa pembe ya kulungu, unapakwa tabaka kwa tabaka. Ya kikemikali hunuka na hung'aa kama kiatu kipya. Mipasuko ya laka, ambayo kwenye guqin za kale ni sifa, hutengenezwa makusudi siku hizi, kwa hiyo usilipie umri kwa sababu ya mipasuko. Geuza ala: chini lazima kuwe na matundu mawili ya sauti na miguu miwili ambayo nyuzi zimefungiwa. Ubao wa juu kwa kawaida ni mpaulonia au mti wa jamii ya misonobari, wa chini ni mgumu zaidi.

Tangazo linalosema "guqin ya nyuzi 21" ni la guzheng. Si lazima iwe ulaghai, mara nyingi ni ujinga tu, lakini muulize muuzaji akupigie picha ya juu kabla hujatuma pesa.

Kucha za guzheng zinafungwaje?

Kwa mkono wa kulia ni dole gumba, cha shahada, cha kati na cha pete. Muziki wa kisasa unadai za kushoto pia. Utepe huzungushwa mara moja na nusu hadi mbili, kati ya kiungo cha mwisho na ncha ya kidole, ili kidole kipinde. Za bei hutajwa kuwa gamba la ng'amba. Ziache. Biashara ya kimataifa ya kasa huyo imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, na forodhani zitachukuliwa. Za plastiki nzuri zinatosha.

Koto ya Kijapani je?

Hii ndiyo inayofanana zaidi na guzheng, kwa kuwa imetokana na zheng ya Tang na imebaki na nyuzi zake 13. Ina urefu wa kama sentimita 180, ubao wa mpaulonia usio na mapambo mengi, na vidaraja vyeupe. Nyuzi zake zote zina unene mmoja, tofauti na guzheng ambapo za chini ni nene waziwazi. Haina pini za ufunguo. Ncha za nyuzi zimesokotwa na kufungwa mafungu mkiani. Mpigaji huvaa kucha tatu tu. Ipo pia ya nyuzi 17 za sauti nzito, aliyoibuni Miyagi Michio mwaka 1921.

Wajapani wenyewe huiandika koto kwa herufi ya qin, ingawa kwa asili ni zheng, na hapo ndipo tafsiri nyingi zinapoanguka.

Za Korea na Vietnam?

Gayageum ya Korea ina nyuzi 12 za hariri, vidaraja, na mkia uliochongwa kama pembe za kondoo dume. Hulazwa mapajani na kupigwa kwa vidole vitupu. Geomungo ina nyuzi 6 na hupigwa kwa kijiti cha mwanzi. Ina vizuizi 16 vilivyogandishwa ubaoni, ambavyo hakuna ala nyingine kati ya hizi inavyo. Đàn tranh ya Vietnam ni fupi, ina nyuzi 16 au 17 za chuma, na mlio wake ni mkali kuliko wa guzheng.

Kwenye makumbusho nimeona yenye nyuzi 25. Ni guzheng kubwa?

Ni *se*, ala iliyokufa. Ina kidaraja kwa kila uzi kama guzheng, lakini mkiani ina kingo tatu zinazogawa nyuzi 9, 7 na 9, na vigingi vinne vinene vya kufungia. Moja nzuri ilitoka kaburi la Mawangdui, Changsha, lililofukuliwa mwaka 1972. Kaburi la Bwana Yi wa Zeng, la mwaka 433 KK hivi, lilikuwa na se 12 pamoja na qin ya nyuzi 10, fupi kuliko qin yoyote ya leo. Wachina bado husema "qin na se zinapatana" wakimaanisha mume na mke.

Yangqin ina uhusiano gani na ganuni yetu ya taarabu?

Yangqin ni pembenne yenye upande mmoja mfupi, na hugongwa kwa vijiti viwili vya mwanzi. Ilifika China kutoka magharibi. Kwa umbo inafanana na ganuni ya Zanzibar, lakini ganuni hudonolewa kwa kucha mbili zilizovishwa vidole vya shahada, nyuzi zake zimepangwa tatutatu, na kidaraja chake kimekaa juu ya ngozi. Guqin na guzheng haziko karibu na ganuni kihivyo: nyuzi zao ni mojamoja, si tatutatu, na ala ni ndefu nyembamba. Inanga ya Rwanda na Burundi nayo ni ya ukoo mpana huohuo wa nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao, ila uzi wake ni mmoja mrefu uliopitishwa mara nyingi.

Nikijua guzheng, nitaweza guqin?

Sikio litahama, mikono haitahama. Kushoto kwako kumezoea kukandamiza, sasa kutabidi kuteleze. Kulia kumezoea kucha za bandia, na kidole kidogo hakitumiki kabisa kwenye guqin. Hata vitabu haviazimani: guzheng husomwa kwa tarakimu 1 hadi 7, guqin kwa *jianzipu*, vipande vya herufi vinavyosema uzi gani, kidole gani na nukta gani, bila kutaja muda wa noti. Anayenunua ala mtandaoni pamoja na kitabu ahakikishe vyote viwili ni vya ala moja. Kitabu kikiwa na tarakimu peke yake, bila zile alama za herufi chini ya mstari, guqin yako itabaki bila mwongozo wa vidole.